Ulezi, au Wimbi

Kwa Kiswahili nafaka hii ina majina mawili:
ulezi, kama kazi ya mama,
na wimbi, kama hasira ya ziwa.
Sisi wa Ngora tuliila bila kuuliza jina.
Ilisongwa na muhogo, ikaitwa atap,
ikapoa ndani ya kibuyu, ikamegwa kwa vidole,
na mtoto aliyetaka wali
aliambiwa asubiri Krismasi.

Sasa nimesimama nyuma ya kaunta, Ntinda,
kijiko cha bati mkononi, aproni yenye jina la bosi,
na Bi. Nalukwago, mke wa wakili, ameuinamia mzani.
"Asekenye, huu haujachanganywa muhogo?"
"Haujachanganywa."
"Wala mahindi?"
"Wala mahindi."
"Apa."
Nacheka. Naapa.
Yeye hacheki. Mumewe amekatwa vidole viwili vya mguu,
sukari imeanza kumla kutoka chini,
na daktari amemwandikia: mkate mweupe basi,
posho basi, soda basi.
Huikunjua karatasi ile kila Jumamosi
kama mtu anayesoma wasia.

Wanakuja wengi. Kijana wa mazoezi, jasho halijamkauka,
anataka mbegu za maboga, zisikaangwe.
Bibi harusi mtarajiwa anaulizia unga wa mlonge.
Mwalimu mstaafu anashika chupa ya simsim, anasoma bei,
anairudisha rafuni polepole,
kama unavyomlaza mtoto asiamke.
Tangu Pasaka tumebandika bei mpya mara nne.
Wimbi, nakuambia. Wimbi kweli.

Magunia huja Jumanne usiku na lori la Opolot.
Juzi nikavuta moja, nikakuta fundo:
kamba ya katani, mizunguko mitatu, ncha imefichwa ndani.
Ninamjua mtu mmoja tu afungaye hivyo.
Nikampigia. "Mama, umeuza?"
"Nimeuza lote. Bei hii sijaiona tangu nizaliwe.
Nimemlipia Okiria ada. Jiko nimeliezeka mabati."
"Na mnakula nini?"
Akakohoa kidogo, kikohozi cha kutafuta neno.
"Posho. Ile nyeupe. Inaiva haraka."
Halafu, kama mtu anayetaja mvua:
"Wale wa zahanati walipita kutupima.
Wamesema damu yangu ni tamu."

Siwezi kumlaumu Nalukwago. Vidole vya mumewe si hadithi.
Siwezi kumlaumu mama. Mabati ni mabati.
Bosi? Hulipa tarehe moja, hachelewi.
Nilitafuta wa kumkasirikia, nikabaki na kijiko.

Nikanunua kilo mbili kwa bei ya dukani,
nikazipeleka kwenye basi la Soroti:
ulezi wa mama, ukirudi kwa mama
na lebo, na picha ya mwanamke mwenye kilemba
anayetabasamu kama hajawahi kupalilia.

Alipiga Alhamisi.
"Nani huyu kwenye mfuko?"
"Si mtu, mama. Ni mchoro."
"Mikono yake misafi sana."
Kimya. Nasikia mwiko ukigonga chungu.
"Halafu unga wenu laini mno, hauna mchanga wa jiwe langu.
Nimeuonja, sikuutambua."
"Ni wako, mama. Ni ule ule."
"Basi nimeutia muhogo," akasema,
"ili nao unitambue."